Mlango wa Daftari

Ndugu zetu walioko Tanga wanapotupigia simu mwezi wa Disemba, kwa kawaida hutuuliza mambo matatu: baridi imefika wapi, kazi zinakwendaje, na watoto wanaendeleaje na masomo. Msimu uliopita liliongezeka swali la nne. Walikuwa wamesikia kwamba mwana wetu wa pili, anayemaliza shule ya sekondari hapa Minnesota, ameitwa na chuo kikuu kucheza mpira. Wakataka kujua ni mpira gani huo, ligi yake inaendeshwaje, na kama kuna riziki ndani yake. Tuliwajibu kwa kifupi, kwa kuwa simu ina mipaka yake. Makala haya ndiyo jibu refu, nasi tunaliweka katika ukurasa huu wa familia kwa sababu tunajua kuna wazazi wengine, wa huku na wa huko nyumbani, ambao kijana wao ana kipaji na mezani pao pana barua ya kujibiwa.

Mezani petu zilikuwapo barua mbili. Ya kwanza ilitoka chuo kikuu kikubwa ambacho timu yake huonyeshwa kwenye televisheni kila Jumamosi ya msimu. Kocha msaidizi alimwandikia kwamba anakaribishwa kujiunga na kikosi, lakini bila ufadhili: karo, bweni, chakula na vitabu vingekuwa juu yetu. Ya pili ilitoka chuo kidogo, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka nyumbani, ambacho hata hapa Minnesota si kila mtu anayekijua. Chuo hicho kilitazama alama zake za hisabati na sayansi, kikamwahidi msaada utakaolipia sehemu kubwa ya gharama kwa miaka minne. Alitakiwa ajibu kabla ya tarehe 1 Mei.

Mmoja wetu anaendesha basi la shule. Mwingine anahudumia wazee usiku katika nyumba ya kuwatunzia. Tulipopiga hesabu ya barua ya kwanza, tuliona kuwa kijana angemaliza chuo akiwa na deni la benki lenye riba, jambo ambalo tumelikwepa tangu tulipoingia nchi hii. Tulipomtazama usoni, tuliona kuwa moyo wake umo katika barua hiyohiyo. Hoja yake kubwa alikuwa akiirudia kila tulipoketi: "Baba, Mama, timu ile inakwenda kwenye mechi za bakuli." Hatukutaka kumkataza kwa neno moja. Tulimwomba kwanza atufahamishe ni mechi gani hizo, na mtu huzifikia kwa njia ipi. Basi kwa majuma kadhaa, kila Jumamosi baada ya swala ya Adhuhuri, alituketisha mbele ya televisheni akatufundisha, nasi tukauliza kama wanafunzi wa darasa la kwanza.

Mpira wenyewe ni ule Wamarekani wanaouita futiboli, ambao huchezwa kwa mikono zaidi ya miguu. Wachezaji 11 kwa kila upande, wenye kofia ngumu na mabega yaliyokingwa, hugombea ardhi hatua kwa hatua mpaka mwenye mpira auvuke mstari wa mwisho. Jambo lililotushangaza ni ukubwa wa heshima unayopewa mchezo huu katika vyuo. Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam huchukua watu 60,000. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, mali ya chuo, uliojengwa kwa ajili ya vijana walio bado masomoni, huchukua zaidi ya 107,000.

Jina la bakuli lilitokana na umbo la uwanja. Tarehe 1 Januari 1902, wenyeji wa Pasadena huko California, waliokuwa na maonyesho yao ya maua kila mwaka mpya, waliandaa mechi kati ya Chuo Kikuu cha Michigan na Chuo Kikuu cha Stanford ili kuwavutia wageni. Michigan ikashinda 49 kwa 0. Mechi ikawa ya upande mmoja mno, hata wenyeji wakauacha mpira mpaka mwaka 1916, na katika miaka hiyo ya kati walishindanisha hata magari ya kukokotwa na farasi. Mwaka 1922 ulikamilika uwanja mpya ulioinama katikati kama bakuli, ukaitwa Rose Bowl, yaani bakuli la waridi, na mechi ikachukua jina la uwanja. Miji mingine ikaiga. Mwaka 1935 Miami walianza na bakuli la machungwa na New Orleans na bakuli la sukari. Mwaka 1937 Dallas wakaleta la pamba. Kila mji ulitangaza kile ulichojivunia, na mjomba wa kijana wetu, mwalimu mstaafu, alisema ingekuwa Tanga lingekuwa bakuli la mkonge. Kwetu kutembeza bakuli ni kuomba. Huku bakuli humjia mtu likiwa limejaa, ila haliji kwa kila mtu.

Huja kwa nani? Hapo ndipo somo letu lilipoanza. Vyuo vya daraja la juu kabisa ni zaidi ya 130, na kila kimoja hucheza mechi 12 za kawaida kati ya mwisho wa Agosti na mwisho wa Novemba. Timu inayoshinda mechi 6 kati ya hizo 12 imefuzu. Kuna masharti ya kuzuia ujanja: chuo kikicheza na vyuo vya daraja la pili, ushindi dhidi yao huingizwa katika hesabu hiyo ya sita mara moja tu, hata kama umepatikana mara mbili. Mechi za bakuli zimekuwa karibu 40 kwa mwaka, zenye nafasi karibu 80, kwa hiyo zaidi ya nusu ya vyuo hupata mwaliko. Waandaaji huwa na mikataba na ligi mbalimbali, hivyo timu iliyofuzu haijichagulii pa kwenda: hupangiwa mji kulingana na ligi yake na nafasi iliyobaki. Mechi hizo huanza katikati ya Disemba na kuendelea hadi mwaka mpya.

Mjomba alipoelezwa haya kwa simu alicheka sana. "Huku kwetu," alisema, "ukishinda nusu ya mechi unashukuru kwamba hukushuka daraja. Huko mnapewa safari?" Kijana alimjibu kwa adabu kuwa nusu ni kizingiti tu, nyumba yenyewe iko ndani. Alieleza kuwa kwa timu dhaifu, kushinda mechi ya sita mwishoni mwa Novemba huwatoa wanaume machozi, kwa sababu maana yake ni majuma zaidi ya mazoezi, safari ya pamoja, na kwa wale wa mwaka wa mwisho, mechi moja zaidi kabla ya kuvua jezi maisha yao yote. Wengi wao hawatacheza tena popote. Tulilielewa hilo. Nasi tulipenda kwamba kizingiti chenyewe kinajulikana na kila mtu tangu Agosti: sita ni sita, kwa chuo tajiri na kwa chuo maskini.

Kisha akatueleza jambo lililotufanya tuzime sauti ya televisheni ili tumsikilize vizuri. Mwaka 2015 kulikuwa na mechi za bakuli 40, yaani nafasi 80, lakini timu zilizofikisha kizingiti zilikuwa 77. Nafasi tatu zilibaki wazi. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kiliamua kwamba nafasi hizo zitolewe kwa timu zilizoshinda mechi 5 na kupoteza 7, na kwamba miongoni mwao zitangulie zile ambazo wachezaji wake wana rekodi bora zaidi ya masomo. Timu tatu zikapita katika mlango huo: Nebraska, San Jose State, na hii ya nyumbani kwetu, Chuo Kikuu cha Minnesota. Minnesota walikwenda Detroit tarehe 28 Disemba wakaifunga Central Michigan 21 kwa 14. Nebraska na San Jose State nao walishinda. Mwaka 2023 Minnesota walikosa tena mechi moja, wakaingia tena kwa mlango uleule, wakaenda tena Detroit, na tarehe 26 Disemba wakaifunga Bowling Green 30 kwa 24.

Tuliuliza kipimo hicho cha masomo kinafanywaje, kwa sababu tunajua kuna vipimo vya maneno matupu. Kumbe hesabu yake ni nyepesi. Kila muhula, kila mchezaji anayefadhiliwa anaweza kuipatia timu yake pointi mbili: moja kwa kubaki na sifa za kimasomo, na moja kwa kubaki chuoni au kuhitimu. Pointi zilizopatikana hugawanywa kwa zile zilizowezekana kupatikana, kisha jibu huzidishwa kwa 1,000. Timu ambayo wastani wake wa miaka minne uko chini ya 930 huweza kuzuiwa kucheza baada ya msimu wa kawaida, hata ikiwa imewafunga wote. Na timu yenye wastani wa juu huweza kufunguliwa mlango pale idadi ya mechi ilipokataa. Mjomba, aliyefundisha kwa miaka mingi, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe huko mwalimu naye ana namba uwanjani." Hatukumwona tena akiucheka mpira ule.

Hata hivyo, sizo milango yote iliyo wazi namna hiyo. Juu ya mechi za bakuli za kawaida kuna mtoano wa kumtafuta bingwa wa taifa, na huko hesabu hukabidhiwa watu. Kamati ya watu 13, wengi wao wakuu wa michezo vyuoni na makocha wa zamani, hukutana hotelini huko Grapevine, Texas, hupanga timu 25 kwa ubora, na mwanzoni mwa Disemba hutangaza nani wameingia. Mjumbe hutoka chumbani chuo chake kinapojadiliwa. Kuanzia msimu wa 2014 hadi wa 2023 nafasi zilikuwa 4 tu.

Kijana wetu alitusimulia habari ya Florida State kwa uchungu, kama mtu anayesimulia dhulma iliyompata jirani. Mwaka 2023 timu hiyo ilicheza mechi 13 na kushinda zote 13, ikatwaa ubingwa wa ligi yake. Katikati ya Novemba, mrusha mpira wake mkuu, Jordan Travis, aliumia mguu vibaya na msimu wake ukaisha. Wenzake wakaendelea kushinda bila yeye. Tarehe 3 Disemba kamati ikatangaza timu nne: Michigan na Washington, ambazo hazijafungwa, pamoja na Texas na Alabama, ambazo kila moja ilikuwa imefungwa mara moja. Florida State ikaachwa nje. Kanuni za kamati ziliruhusu kutazama kukosekana kwa mchezaji muhimu, nayo ikaona kwamba bila Travis timu ile si ileile. Waliopoteza nafasi ni vijana walioshinda kila walichowekewa mbele yao. Walipelekwa Miami kwenye bakuli la machungwa, wengi wa nyota wao wakakataa kucheza, na tarehe 30 Disemba Georgia wakawafunga 63 kwa 3, tofauti kubwa kuliko zote katika historia ya mechi za bakuli.

Msimu uliofuata nafasi zikaongezwa kuwa 12. Tano zilihifadhiwa kwa mabingwa wa ligi waliokuwa juu zaidi katika orodha ya kamati, na saba zilizobaki zilitolewa kwa rai yake. Mechi za kwanza huchezwa katika uwanja wa chuo chenye nafasi bora, na zinazofuata hupitia mabakuli sita makongwe na makubwa. Ohio State wakawa mabingwa wa kwanza wa utaratibu huo, tarehe 20 Januari 2025, kwa kuifunga Notre Dame 34 kwa 23. Lakini malalamiko hayakuisha, yalihama tu kutoka kwa timu ya tano kwenda kwa ya kumi na tatu. Disemba 2025 Notre Dame hao hao, walioshinda 10 na kupoteza 2, waliachwa nje ya kumi na mbili, wakakataa kwenda kwenye bakuli lolote. Na si heshima peke yake inayogombewa. Katika utaratibu huo kila timu iliyoingia katika mtoano iliipatia ligi yake dola milioni 4 kabla hata haijagusa mpira.

Tulipofika hapo tulimuuliza kijana swali letu la kizazi: wewe mwenyewe ungekuwa wapi katika hesabu zote hizi? Hakuwa na jibu la haraka, akaomba siku mbili za kuchunguza. Aliyoyaleta aliyaleta kwa uaminifu, ingawa hayakumpendeza, nasi tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa uaminifu huo kuliko tungelimshukuru kwa kipaji.

La kwanza, Juni 2025 mahakama ya shirikisho iliidhinisha makubaliano yaliyoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Pamoja na ruhusa hiyo kukawekwa kikomo: vyuo vilivyokubali utaratibu huo visiwe na wachezaji zaidi ya 105 katika kikosi cha futiboli. Zamani ufadhili ulikuwa na kikomo cha 85, lakini wasiofadhiliwa waliongezwa juu yake, na vikosi vingine vilipita watu 120. Kikomo kipya kiliwaangukia wasiofadhiliwa. Waliokuwamo wakati ule waliwekewa unafuu maalumu. Mgeni anayekuja sasa hana unafuu huo. Barua ya kocha msaidizi ilikuwa karibu ya kweli, lakini kiti chenyewe kilikuwa cha kukunja.

La pili lilitugusa zaidi. Kile kipimo cha masomo tulichokipenda, kile kilichowafungulia mlango vijana wa Minnesota mara mbili, huhesabu wachezaji wanaofadhiliwa. Kijana wetu, ambaye tangu darasa la sita huleta nyumbani alama za juu, angekaa katika chumba kilekile cha kubadilishia nguo, angesoma usiku baada ya mazoezi, angefaulu mitihani yake yote, na alama zake zisingeongeza hata pointi moja kwenye daftari la timu. Angeweza kusafiri nao kwenda kwenye bakuli. Lakini mlango ule usingefunguka kwa ajili ya kalamu yake.

Alipomaliza kutusomea, mmoja wetu alisema tusimharakishe, na mwingine alitaka tulimalize jambo usiku uleule. Tuliliacha hadi asubuhi. Wazazi wawili wanaofanya kazi zamu tofauti hujifunza kuzungumza kwa zamu pia. Tulichokubaliana ni kwamba uamuzi tumwachie yeye, lakini tumwambie waziwazi mambo mawili: kwamba hatutachukua mkopo wa riba kwa ajili ya mpira, na kwamba hatutamwona mnyonge akichagua chuo kidogo.

Swali la dini halikutusumbua kama baadhi ya majirani walivyodhani. Wapo waliotangulia. Ndugu wawili, Husain na Hamza Abdullah, walisoma na kucheza Washington State kisha wakaingia ligi ya kulipwa, na msimu mzima wa 2012 waliuacha ili waende Hija. Katika shule ya sekondari ya Fordson huko Dearborn, Michigan, Ramadhani ilipoangukia mwezi Agosti, mwezi wa mazoezi makali, mazoezi yalihamishiwa usiku ili waliofunga wafuturu na wanywe maji. Kijana anayetaka kuswali hupata mahali pa kuswalia, akiwa na wakubwa wanaosikia. Lililotutia wasiwasi zaidi ni kamari. Tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipotengua, Mei 2018, sheria iliyowazuia wenye majimbo kuiruhusu, kamari ya michezo imeenea katika simu za vijana, na mechi za bakuli ndizo karamu yake. NCAA yenyewe inawakataza wachezaji wa vyuo kuweka dau, na sisi tuna katazo letu la kale kuliko hilo. Wazazi wenye watoto wanaopenda michezo, popote walipo, wasisubiri kusikia habari hiyo kwa wengine. Tulizungumza nayo mezani kwa jina lake.

Kijana alikwenda kukitembelea chuo kidogo katika wiki ya mapumziko ya Machi. Kumbe kina timu. Kimo katika daraja la tatu, ambalo vyuo vyake haviruhusiwi kutoa ufadhili wa michezo kwa mchezaji yeyote; kila anayecheza yuko pale kwa masomo, au kwa uwezo wa wazazi wake, au kwa msaada kama ule aliopewa yeye. Kocha, mwanamume wa makamo ambaye pia alimwonyesha maktaba, alimwambia aje kujaribu mwezi Agosti kama wenzake wote. Alirudi nyumbani usiku akiwa na maneno mengi kuliko tuliyoyasikia kutoka kwake tangu Januari. Alitueleza kwamba katika daraja hilo bingwa wa ligi huingia moja kwa moja katika mtoano wa taifa. Kamati ipo kwa ajili ya nafasi zinazobaki, lakini bingwa hasubiri rai ya mtu. Mtoano una timu 40, na fainali yake nayo ina jina la bakuli: Stagg Bowl.

"Kwa hiyo Florida State wangekuwa daraja la tatu," alisema, "wangeingia." Tulicheka pamoja, kisha akaomba kalamu.

Alijibu barua zote mbili tarehe 19 Aprili, siku kumi na mbili kabla ya mwisho. Kwa chuo kikubwa aliandika shukrani, kwa sababu kocha msaidizi alikuwa amemwona wakati wengine hawakumwona, na mtu aliyekuona hustahili jibu zuri. Kwa chuo kidogo aliandika kukubali. Hatutasema kwamba hakuumia. Kwa juma zima alipita sebuleni bila kuwasha televisheni, na mmoja wetu alimkuta usiku akiitazama ile barua ya kwanza kwenye simu yake. Hatukumwambia kitu. Kijana wa miaka kumi na minane ana haki ya kuomboleza jambo alilolitaka kwa moyo wake, hata alipochagua vizuri, na mzazi anayemwambia haraka kwamba yote ni heri humnyima nafasi ya kuiona heri hiyo kwa macho yake mwenyewe.

Kwa wazazi wenzetu tunaloweza kusema ni hili. Mtoto anapoleta ndoto, mwacheni awafundishe kanuni zake mpaka mwisho, mkimuuliza kama wanafunzi, kwa kuwa mara nyingi yeye mwenyewe hajazisoma zote, na atazipokea vizuri zaidi akizigundua kwa mkono wake kuliko akizisikia kwa ukali wenu. Muulizeni ni mlango upi unaofunguka kwa hesabu, upi unaofunguka kwa rai ya watu, na upi unaofunguka kwa daftari. Kisha muulizeni ni katika mlango upi jina lake limeandikwa. Kuna vizingiti vya haki ambavyo mtoto wetu hatavifikia, na kuna mafanikio ambayo kamati itayapita bila kuyaona. Hayo yote atayakuta maishani, awe mchezaji, daktari au fundi. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba mahali anapoweka jasho lake pana mtu anayelihesabu.

Mazoezi yanaanza Agosti. Mama yake ameshaulizia chakula cha halali katika bwalo la chuo, akaambiwa kipo siku zote isipokuwa Jumapili, kwa hiyo Jumapili tutakuwa tunapeleka sisi. Mechi za nyumbani ni Jumamosi saa saba mchana, na yule mwenye basi ameshaomba zamu zake zipangwe.